Namba Inapanda, Ardhi Inashuka

Jumatatu, 3 Machi

Bibi amenipa daftari hili kwa sharti moja: niandike mambo yenye maana, siyo leo nimekula, leo nimelala. Basi leo nimekula, nimelala, na katikati hapo nimepewa mfereji.

Huu ni muhula wa pili wa mwaka wangu wa pili wa teknolojia ya ujenzi, na mwalimu wa upimaji ametugawa watatu watatu. Kila kundi limepewa kazi ya kweli, siyo ya ubaoni. Sisi tumepewa mfereji nyuma ya bweni la wanawake, kuanzia ukutani hadi mwisho wa uwanja, pale ardhi inapoangukia bondeni. Kila masika maji hutuama pale ukutani mpaka rangi inabambuka. Tupime, tuchimbe, mwalimu akikagua tumwage zege. Atakayefaulu anakwenda kwenye mafunzo kazini, penye daraja jipya linalojengwa. Atakayefeli anarudia muhula. Hilo daraja mimi naliota tangu mwaka wa kwanza, na mara nyingine nikiota silioti likiwa limekamilika, naota nimesimama juu ya jukwaa la mbao na kofia ngumu kichwani, nikimwambia mtu ashike kamba vizuri.

Kiongozi wa kundi ni mimi. Wa pili ni Twiga, mwenzangu wa chumbani, msichana ambaye milango yote ya chuo hiki imemfundisha adabu ya kuinama. Wa tatu sikumchagua, alibaki. Tunamwita Polepole. Ukimsalimia asubuhi, itikio utalipata mchana.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu wetu tunamwita Bwana Milimita, ila si mbele yake. Leo amekataa mchoro wangu kwa sababu mstari mmoja ni mnene kuliko wenzake. Nimeuchora upya huku nikimsema moyoni. Mtu huyu hana huruma hata na penseli.

Jumapili, 9 Machi

Bibi amepiga simu. Ananiita mke mwenzangu, kwa kuwa babu alipokuwa hai alikuwa akisema mke wake kijana ni mimi. Babu ameshakwenda, tumebaki wajane wawili, na huyo mjane mkubwa ndiye aliyenilea. Ameuliza ninasoma nini muhula huu. Nikamwambia mfereji. Akasema miaka miwili shuleni ili uchimbe mtaro, si ungebaki nyumbani nikupe jembe. Tumecheka mpaka salio likaisha.

Jumatano, 12 Machi

Tumepima. Kifaa chenyewe ni darubini inayokaa juu ya miguu mitatu. Mmoja anachungulia, wa pili anasimamisha rula ndefu juu ya ardhi, wa tatu anaandika. Nilichungulia mimi, kwa sababu nina jicho na sina subira ya kungoja la mwingine. Twiga alishika rula, kazi aliyoumbiwa. Polepole aliandika.

Uwanja ule ni tambarare, jicho tupu haliwezi kujua upi upande wa juu na upi wa chini. Nilisoma, nikapiga hesabu, nikawatangazia wenzangu: inapanda sentimita mbili kila kigingi, kuanzia ukutani mpaka mwisho. Polepole akaandika. Kisha akauliza kama vigingi vikishapigwa tungeweza kurudi na darubini tuhakikishe. Nikamwambia mawingu yale hayangoji mtu. Akafunika kalamu yake taratibu, kama mtu anayefunga duka.

Alhamisi, 13 Machi

Nilikuwa darasani nikitetea mchoro. Twiga na Polepole wamepiga vigingi kwa kamba na pimamaji. Tumeyatangulia makundi yote. Nimejipongeza, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza kufanya hivyo.

Jumanne, 18 Machi

Sururu. Malengelenge. Nimelala.

Ijumaa, 21 Machi

Tumemaliza kuchimba, kingo zimenyooka hata mtu angeona aibu kuzikanyaga. Bwana Milimita atakuja Jumatatu na darubini yake kukagua. Polepole alikaa muda mrefu kwenye ncha ya mwisho akitazama nyuma tulikotoka. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema hajui bado. Kwa kweli namwonea huruma.

Jumapili, 23 Machi

Ninaandika nikiwa ghorofani, juu ya kitanda kisicho changu.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana baada ya chakula. Tulikuwa tumejilaza mimi na Twiga, tukiisikiliza, nami nilikuwa nikimsimulia jinsi maji yatakavyoteremka kwenye mfereji wetu, hadi watu wa chuo waje kupiga picha. Twiga akatazama sakafuni, akaniambia viatu vyangu vinaondoka.

Vilikuwa vinaondoka kweli. Ndala moja ilikuwa imeshafika mlangoni, nyingine inazunguka chini ya meza. Nikakimbilia nje. Mfereji ulikuwa umejaa, maji mekundu yanakuja mbio, ila yanakuja kwetu. Yanatoka mwisho wa uwanja yanaingia bwenini. Hapo zamani maji yalikuwa yakituama tu ukutani, sisi tumeyatengenezea barabara. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kitu kuhusu kisima kumfuata mchimbaji kitandani.

Sikujua bweni letu lina watu wema kiasi hiki. Wametoka bila kuitwa, wameshika magodoro, ndoo, hata sufuria. Msichana wa ghorofani, ambaye hatujasalimiana tangu tulipogombania kamba ya kuanikia, ameshuka, amebeba vitabu vyangu kwa mikono yote miwili kifuani, amevipanga mezani kwake. Kisha akasema nilale kitandani kwake, yeye atalala na mwenzake. Nilitaka kusema asante nikaanza kulia. Akanipa kanga nijifute, wala hakunitania. Mungu ambariki na kamba ile aichukue yote.

Jumatatu, 24 Machi

Bwana Milimita amekuja na darubini, amepima kigingi kwa kigingi, akatingisha kichwa kila mara. Vigingi vyetu vinakwea. Badala ya mteremko tumejenga kilima.

Ameniita ofisini peke yangu. Karatasi ya vipimo ilikuwa mezani. Akasema mtu anayeharibu mteremko leo ataharibu barabara kesho, na kwamba lazima mtu arudie muhula, lakini haoni sababu ya kuwatesa watatu kwa kosa la mmoja. Mwandiko wa karatasi ile ni mmoja. Mimi ni kiongozi, kesho jioni nimletee jina.

Jina liko wazi. Nilisema sentimita mbili za kushuka, yeye akaandika za kupanda. Mtu aliyelala macho wazi. Nimeshaipanga sentensi nitakayosema, fupi na isiyo na chuki.

Jumanne, 25 Machi

Leo sitaandika kwa ufupi.

Asubuhi tulikuwa tunafua matandiko, Twiga anakamua ncha moja ya shuka, mimi nyingine. Nikamwambia jioni ninapeleka jina la Polepole. Akaacha kukamua.

"Kwa kosa gani?"

"Aliandika vigingi vipande juu. Nilimwambia vishuke."

"Hukusema vishuke," Twiga akasema. "Mimi nilikuwa pale na rula yangu. Ulisema inapanda sentimita mbili kila kigingi. Tukapandisha."

"Namba ndiyo iliyokuwa inapanda. Ukichungulia, namba ya kwenye rula ikipanda, ardhi imeshuka. Si kila mtu anajua?"

"Anayechungulia anajua. Sisi tuliokuwa huku nje tulisikia inapanda tu."

Nilikaa juu ya ndoo. Shuka lilikuwa linachuruzika mapajani kwangu nami sina habari. Nilirudia siku ile kichwani mara nyingi, nikitafuta mahali niliposema neno namba, au neno ardhi. Sikupaona. Nilisema inapanda, basi, kana kwamba wenzangu nao jicho lao lilikuwa kwenye kioo changu. Halafu yule mmoja aliyetaka kuhakikisha nikamfukuza kwa mawingu.

Nilimkuta Polepole nyuma ya karakana akiosha makoleo, yetu na ya makundi mengine. Nikamuuliza kama alikuwa anajua. Alimaliza koleo alilokuwa nalo kwanza.

"Nilijua Jumapili, nilipoona maji yanakuja. Nikakumbuka ulivyosema."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia. Nikakuona na godoro lako linachuruzika. Nikasema acha kwanza akauke."

Nikamuuliza angefanya nini kama ningepeleka jina lake. Akasema angefungasha. Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo kiongozi yeyote mwenye masikio angelijua tangu wiki ya kwanza. Polepole alisharudia muhula mara moja, mwaka ambao baba yake alikuwa mgonjwa na hakukuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani. Chuoni hapa hakuna kurudia mara mbili. Ukifeli tena, unakwenda nyumbani.

Alilisema hilo kwa sauti ile ile anayosemea habari za mchanga. Kwa neno langu moja, na kwa haraka yangu, mtu huyu alikuwa mlangoni anatoka, na sanduku nilitaka kumbebea mimi mwenyewe.

Jioni nikaenda ofisini. Bwana Milimita akaniuliza jina, nikataja langu. Akaninyooshea karatasi, akasema mwandiko si wangu. Nikamwambia maneno ni yangu. Nikamweleza yote, inapanda, mawingu, na Polepole alivyotaka kurudi na darubini. Aliniacha nimalize, kisha akavua miwani, akaisugua na ncha ya shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Miaka yote hii nimefundisha watu kuisoma darubini," akasema. "Sijawahi kufundisha jinsi ya kumwambia mwenzako ulichokisoma. Hilo ni langu."

Sikutegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa kitu kama kile. Akaniuliza kama naomba nirudie mimi. Nikajibu kwamba nikiulizwa mimi, ningependa asirudie mtu. Mdomo wake ukafanya kama unataka kucheka, ukajizuia.

"Basi mimi siusahihishi mfereji huo. Itausahihisha mvua. Upimeni upya, chimbeni, mwageni zege. Mvua kubwa ikija na maji yakarudi bwenini, mnarudia wote watatu."

Wote watatu maana yake Polepole anafungasha. Alijua nami nilijua. Nilitoka pale na shukrani na hofu vimeshikana mikono, sijui niongee na kipi.

Jumatano, 26 Machi

Tumepima upya. Polepole ameweka sheria: kwanza taja kitu, ndipo useme kimefanya nini. Namba imepanda, ardhi imeshuka. Akiandika, ananirudishia kwa sauti, nami natakiwa kuitikia. Tumechukua asubuhi nzima kwa kazi ambayo mara ya kwanza tuliimaliza kabla ya chai. Nimeitikia kila mara.

Jumapili, 30 Machi

Bibi amepiga. Nimemwambia mambo ni mazuri. Akasema sauti yako ina maji. Nikamwambia ni mafua.

Jumatano, 2 Aprili

Kule mwisho tunatakiwa kushuka karibu nusu mita zaidi, na udongo umelowa, koleo linanyonywa. Unachimba, linaporomoka, unachimba tena.

Jumamosi, 5 Aprili

Tunachimba.

Jumatano, 9 Aprili

Tunachimba. Twiga ameimba siku nzima wimbo mmoja ambao hajui ubeti wake wa pili.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemtazama Polepole akifanya kazi. Nilikuwa nadhani anakaa tu. Kumbe kabla ya kupiga koleo anaangalia mahali udongo utakapoangukia, kwa hiyo haubebi mara mbili. Mimi naubeba mara mbili kila siku na kujiona hodari. Nimemwambia hivyo. Baada ya dakika kadhaa amejibu asante.

Jumamosi, 19 Aprili

Zege. Mawingu yalikuwa chini kiasi kwamba Twiga alitembea ameinama, labda kwa mazoea. Fundi seremala wa chuo ametuazima turubai lake pasipo kuombwa, akasema tulirudishe likiwa safi au tusilirudishe. Wasichana wa bweni wamebeba kokoto kwa ndoo zile zile walizochotea maji chumbani kwetu. Yule wa ghorofani amesukuma toroli, amekataa kupokewa. Bwana Milimita alisimama kando na mwavuli, mkono mmoja mfukoni. Tulipofika kwenye kona, pale mfereji unapopinda, akaweka mwavuli chini, akashika mwiko, akalainisha kona ile mwenyewe, akaondoka amelowa. Hakuna aliyemwita jina lake la utani jioni hii. Tumefunika zege kwa turubai, nayo mvua imeanza tulipofunga kamba ya mwisho.

Nimehesabu watu wa kuwashukuru, ukurasa hautoshi.

Jumapili, 27 Aprili

Manyunyu tu. Polepole ameanza kupanga nguo zake vizuri sandukuni. Anasema ni usafi.

Jumamosi, 3 Mei

Imekuja.

Ilianza alfajiri, si kwa matone, kwa kishindo. Twiga na mimi tulikaa kitandani miguu juu, tumeweka ndala zetu katikati ya sakafu kama mashahidi. Nilisali sala zote ninazozijua, nikaongeza moja ya kwangu, niliyomtaja ndani yake mtu mmoja tu. Ndala hazikusogea. Kukapambazuka, hazikusogea. Nikaweka mguu chini, sakafu kavu.

Tulipotoka nje tulimkuta Polepole ameshafika, shati limemganda mwilini, amesimama kwenye kona. Maji yalikuwa yanatoka ukutani yanakwenda zake, yamejaa nusu ya mfereji, yanakata kona bila kupanda ukingo. Nilimshika mkono Polepole, yeye akamshika Twiga, na tungeonekana wendawazimu kama si kwamba dirisha zima la ghorofani lilikuwa linapiga makofi.

Bwana Milimita alikuja na koti la mvua. Alitembea na maji tangu ukutani hadi mwisho wa uwanja, akarudi nayo kinyume. Akasimama mbele yetu.

"Nyote watatu," akasema. "Nendeni mkanywe chai."

Polepole alikaa pale pale kwenye tope. Alilia kama anavyofanya mambo yake yote, taratibu na mpaka mwisho, sisi tukimngoja. Sikuwahi kungoja kitu kwa furaha kiasi hicho.

Jumapili, 4 Mei

Nimempigia bibi asubuhi nimwambie kila kitu, mafuriko, jina, zege, daraja. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Akashukuru Mungu, akamshukuru Polepole kwa jina hilo hilo, akanituma nimpe salamu. Kisha akauliza.

"Kwa hiyo maji yameenda."

"Yameenda, bibi."

"Yameenda wapi?"

"Bondeni."

"Na huko bondeni hakai mtu?"

Akanikumbusha jirani yetu wa juu, mama safi, anayedeki kila siku na kusukuma maji nje kwa ufagio. Yule naye, bibi akasema, anajua maji yake yameenda. Yanakokwenda ni uani kwangu.

Tumepima uwanja ule mara mbili, kila kigingi tunakijua, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvuka kigingi cha mwisho. Kwenye mchoro wangu mstari unafika pale, unaishia kwa mshale.

Tumeshuka watatu baada ya chakula. Chini, nyuma ya majani marefu, kuna shamba dogo la mboga, nasi hatukuwahi kulijua. Mama mmoja alikuwa ameinama na jembe akiinua upya tuta la vitunguu. Maji yetu yalikuwa yamekata ncha ya tuta lile na kuvilaza vitunguu matopeni. Alituona, akatuambia poleni na mvua. Alidhani ni mvua tu.

Nikamwambia si mvua, ni sisi. Nikataja kitu kwanza, halafu kilichofanyika, kama nilivyofundishwa. Alitutazama mmoja mmoja, akatazama juu kuliko na mdomo wa mfereji, akasema basi shukeni, msisimame huko mnanikanyagia mchicha.

Tumesomba mawe mchana kutwa. Polepole aliyapanga pale maji yanapoangukia ili yapoteze nguvu, kisha tukachonga njia ya kuyapeleka pembeni kwenye majani, mbali na matuta. Twiga na mimi tulirudisha vitunguu, kimoja kimoja. Jua lilitoka kidogo. Mgongo uliniuma, nami nilikuwa na raha ambayo hata jana, nikiwa nimefaulu, sikuwa nayo.

Yule mama alituletea maji ya kunawa. Akauliza nani katutuma, maana tangu chuo kijengwe pale juu hajamwona mtu akishuka. Akauliza kama ni mwalimu.

Nilikuwa nafungua mdomo, Polepole akaniwahi.

"Hapana, mama," akasema. "Ni bibi yetu."